Nyuzi Tisini na Tano

Kilema,
2 Julai 2024

Ndugu Filbert,

Utanicheka kwamba hadi leo nakuandikia barua za karatasi, nawe unafundisha shule ya Mawenzi, Moshi mjini, bondeni tu hapo. Lakini tabia tuliyoipata seminari, walipotunyang'anya simu, sioni sababu ya kuiacha. Tena huku kwetu mtandao haupatikani mpaka mtu asimame uwanjani mwa kanisa na kuinua simu juu kama padre ainuaye hostia. Barua hii ataileta Eliezeri wa gari la maziwa. Majibu mpe yeye.

Nina shida, na unajua nisivyopenda kuwa na shida. Chuo kimenipa nafasi ya uzamili kwa sharti moja: kabla ya mwisho wa mwezi huu niwasilishe matokeo ya hesabu zangu za mifongo kumi na miwili ya Kilema na Kirua Vunjo, yaani jinsi maji ya mifereji hii ya mababu yatakavyopungua miaka ijayo. Nisipowasilisha, nafasi inapewa mwingine, nami nitabaki hapa kihambani, kwenye migomba ya ukoo, msomi wa kuhesabu mikungu ya ndizi. Hesabu hizo kompyuta huziendesha karibu wiki mbili bila kukatizwa. Kompyuta mpakato yangu haifiki hata siku ya pili. Hupanda joto, hukoroma, kisha hujizima kama mlevi alalaye njiani, na kila kitu huanza upya.

Nimeiweka stoo, kile chumba cha mbao kilichopakana na jiko la Shangazi Monica, kwa kuwa chumbani kwangu ukungu wa Julai huingia mpaka ndani ya shuka. Stoo ni kavu na ina kufuli. Moshi wa kuni nao haupo tena: nilibishana na Shangazi mwaka mzima hadi akakubali kuyaondoa mafiga na kupikia gesi. Nilimsomea tafiti. Alisema amekubali kwa kuchoka kusikia, si kwa kusadiki. Lakini ushindi ni ushindi.

Nasikia ipo programu inayomwezesha mtu kuiamuru feni ya kompyuta izunguke kwa kasi aitakayo na kulisoma joto lilivyo ndani. Kimsingi naipinga. Aliyeiunda mashine ndiye aliyepaswa kujua inavyopaswa kupumua. Hata hivyo, nitumie.

Wako katika hoja,
Remigius


Moshi,
4 Julai 2024

Profesa mtarajiwa,

Barua yako imefika ikinukia maziwa, nikaisoma mbele ya walimu wenzangu ofisini. Ile hostia imewachekesha hadi Mkuu wa Shule.

Flashi imo ndani ya bahasha. Kabla ya yote, toa vumbi kwa brashi kavu. Kisha inue laptop juu ya vipande viwili vya ubao ivute hewa kwa chini, na nyuma yake, pale hewa ya moto inapotokea, pawe wazi kabisa. Hapo ndipo uiweke programu. Nimekwisha kukupangia ngazi zake: chini ya nyuzi sitini feni izunguke taratibu, ikivuka sitini iongeze mwendo, ikifika themanini iende kwa nguvu zake zote. Na joto likigonga tisini na tano, programu yenyewe iizime mashine kabla haijaungua.

Huo mstari wa mwisho usiuguse. Nakujua, Remi. Utaugusa kwa sababu nimesema usiuguse.

Halafu nina wazo. Kwa nini usiendeshe mfongo mmoja mmoja? Ukiisha mmoja, unauhifadhi, mashine inapumzika, unaanza mwingine. Hata ikizima, umepoteza mmoja tu. Nasubiri ubishi wako.

Msalimie sana Shangazi.

Filbert


Kilema,
9 Julai 2024

Ndugu Filbert,

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba dawa yako imefanya kazi. Hesabu zinaendelea tangu juzi na joto halijavuka nyuzi sabini na tatu. Ile namba ndogo pembeni ya kioo imekuwa kwangu kama mapigo ya moyo wa mgonjwa: naingia, naitazama, natoka nikiwa nimepona mimi.

Kuhusu kuigawa mifongo, hapana. Wazo lako ni la mtu anayedhani mlima ni kabati la droo. Mfongo wa juu ukifunguliwa, wa chini hukauka. Wazee wetu waligawana maji kwa zamu kwa sababu walijua kwamba mfongo hausimami peke yake. Nami siwezi kuja na hesabu za kisasa zenye akili ndogo kuliko za wazee. Itaendeshwa yote kwa pamoja au haitaendeshwa.

Shangazi aliingia kuchota maharage akaniuliza ni kitu gani kinachohema humu. Nikamweleza habari za feni. Akaweka kiganja nyuma ya mashine, akakiacha pale muda mrefu, akasema ina joto la kuku aliyeatamia. Nilimfafanulia jinsi umeme unavyogeuka joto, akanisikiliza kwa utulivu ambao sijawahi kuuona kwake, kisha akauliza kama na Jumapili itakuwa inafanya kazi. Nilimjibu kwamba elimu haina Sabato. Alifanya ishara ya msalaba na kutoka. Naona sasa ameanza kupenda sayansi.

Remigius


Kilema,
14 Julai 2024

Filbert,

Programu yako inasema uongo.

Leo watu wamekuja misa ya kwanza wamejifunga blanketi. Mlima hatujauona tangu Alhamisi. Maji ya kunawa yanauma vidole. Na katika baridi hii, mashine iliyokaa kwenye nyuzi sabini na tatu ilifika themanini na nne Ijumaa, themanini na nane jana, na sasa natoka kuiona ikiwa tisini na moja, feni ikilia kwa nguvu zake zote. Nimesoma vya kutosha kujua kwamba kitu hakipati moto zaidi pale mazingira yake yanapozidi kupoa na kazi yake ikabaki ileile. Basi ama maumbile yamebadili sheria zake, ama kijiprogramu ulichokichomoa mahali kwa haraka kinasoma vibaya. Nachagua la pili.

Sina amani hata ya kula. Natafuna huku sikio likiwa stoo. Feni ikibadili sauti, nainuka na tonge mkononi. Zimebaki siku chache hesabu ziishe, na siwezi kuruhusu kipimo kibovu kiniulie kazi kwa hofu ya kubuni. Kwa hiyo ule mstari wa tisini na tano nimeupandisha hadi mia moja na tano. Ulisema nisiuguse, lakini uliusema kwa imani kwamba kipimo chako ni sahihi.

Nilikuomba msaada kama rafiki. Ningependa ungeufanya kwa umakini wa rafiki.

Remigius


Moshi,
16 Julai 2024

Remi,

Barua yako nimeisoma mara moja tu, sikutaka kuirudia.

Programu haina moyo wa kudanganya. Ile namba inatoka kwenye prosesa yenyewe, mimi sijaiandika. Feni ikienda kwa nguvu zote na joto bado likapanda, maana yake ni moja: hewa ya moto haipati pa kutokea. Kuna kitu kimeziba. Umetazama nyuma ya mashine? Nani mwingine anaingia humo?

Rudisha tisini na tano leo hii. Siku utakayoipoteza utaipata tena, mashine hutaipata. Jumamosi sina kipindi, nitapanda nije niione kwa macho yangu, na ukitaka kunitukana utanitukania huko huko tukinywa chai.

Filbert


Kilema,
18 Julai 2024

Filbert,

Usipande.

Nimetazama nyuma ya mashine kama ulivyoagiza. Kuna magunia ya Shangazi, kama yalivyokuwepo tangu nizaliwe. Hakuna anayeingia. Ufunguo ninao mimi, ukiacha ule wa Shangazi ambaye huingia kuchukua chakula tu. Hivyo nakurudishia swali lako likiwa tupu.

Namba inasema tisini na saba. Najilazimisha kutoiamini, na bado naamka usiku kwenda kuisoma. Zimebaki siku mbili, pengine pungufu. Ukija utaizima, nami sitakuwa na nguvu ya kukuzuia, kwa hiyo ni heri usije. Niachie nimalize.

R.


Kilema,
Jumapili, 21 Julai 2024

Mwanangu Filbert,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu. Mimi ni Shangazi Monica. Sikuzoea kuandika, utanivumilia. Remi hajui kama nakuandikia, yuko chumbani amelala kifudifudi na viatu miguuni. Tangu jana hajala. Mtori nimempelekea, umepoa pale pale.

Ile mashine imekufa. Jana asubuhi nimetoka kukamua nikasikia kimya huko stoo, kile kihemo hakuna. Remi alikuwa kanisani akitafuta mtandao. Aliporudi akafungua, kukawa na harufu kama ya waya. Ameibonyeza bonyeza mpaka vidole vimemwuma, haiwaki. Hakulia. Alisema tu Filbert amenimaliza, nafasi imekwenda. Ndipo nami nikaingiwa na hofu, mwanangu.

Wewe umekulia huku, utanielewa. Harusi ya binti yangu Gladys ni Agosti, na harusi bila pombe ya mbege si harusi. Ulezi lazima uote kwanza tupate kimea. Siku zote mimi huuloweka, nautia kwenye gunia na majani ya mgomba, nauweka karibu na mafiga upate joto. Sasa mafiga hayapo. Gesi ukizima imezimika, jiko linakuwa baridi kama kisima. Mwezi huu nimeloweka mara mbili umeoza. Basi nilipoona ile mashine inatoa joto zuri, halizimiki mchana wala usiku, nikasema Mungu ni mwema. Nikalisogeza gunia likaikaribia kwa nyuma, likaigusa. Kila siku nilikuwa nalinyunyizia maji nikilibana vizuri lisipoteze joto. Ulezi umeota, sijapata kuona kimea kama kile.

Remi aliyaangalia magunia yangu Alhamisi, nikasimama mlangoni nikidhani atauliza. Hakuuliza.

Huyu mtoto nimemlea tangu kaka yangu, baba yake, alipozikwa na mama yake akafuata. Nilimsomesha kwa kahawa. Naomba uniambie mimi kwanza, kabla hajajua: ni mimi nimeiua? Niambie kweli, nijue pa kusimama.

Aika, asante, mwanangu.
Monica


Moshi,
22 Julai 2024

Shangazi, shikamoo.

Nitakuambia kweli kama ulivyotaka. Gunia liliziba njia ya hewa, na mvuke wa ulezi uliingia ndani. Hilo ndilo lililopandisha joto.

Lakini si hilo lililoiua. Niliipanga mashine ijizime yenyewe joto likizidi, bila kuungua. Ingezimika wiki iliyopita, mngeona gunia, mkacheka, basi. Remi aliuondoa ulinzi huo kwa mkono wake, nami nikamwomba aurudishe, akakataa. Usijibebeshe mzigo ambao wengine tumeushika upande mkubwa. Hata mimi nilipaswa kupanda mara moja, bila kusubiri Jumamosi wala ruhusa.

Nakuomba usimwambie lolote kwa sasa. Kuna njia ya kuokoa ile nafasi, ila lazima aje huku haraka, na akijua habari za gunia leo atagombana na nyumba nzima badala ya kupanda gari. Acha anikasirikie mimi. Nimezoea.

Mwanao,
Filbert


Moshi,
22 Julai 2024

Remi,

Nimesikia mashine imezima. Pole, ndugu yangu, nasema kwa moyo.

Kama unahitaji mtu wa kulaumu, nitaje mimi, tutabishana baadaye. Sasa sikiliza. Diski ya ndani mara nyingi hupona hata prosesa ikiungua. Ichomoe, au ilete laptop nzima, nitaisoma kwa waya. Mkuu wa Shule amenipa chumba cha kompyuta kuanzia Jumamosi asubuhi hadi Jumapili jioni, na mashine kumi zinazofanya kazi. Zile kumi ni mpya kuliko yako. Kila moja tuipe mfongo wake. Mbili za kwanza kumaliza zipewe miwili iliyobaki. Kisha tuyaunganishe maji kwenye chanzo, huko juu, kwa hesabu yako mwenyewe. Najua utasema mlima si kabati. Ni kweli, si kabati. Lakini hata wazee hawakuchimba mifongo yote siku moja.

Jumatatu watoto wanarudi madarasani na chumba kinafungwa kwetu. Mwisho wa mwezi hausubiri. Njoo.

Filbert


Kilema,
24 Julai 2024

Bwana Filbert,

Nimepokea barua yako, ambayo ndani yake nimeona ukarimu mwingi na maelezo kidogo. Mtu asiye na kosa hasemi "nitaje mimi". Husema "si mimi", na kuthibitisha. Umekiri bila kukiri, ili nikushukuru na nikusamehe kwa pumzi moja.

Sitaiweka kazi yangu mara ya pili mikononi mwa aliyeiunguza. Najua maana yake. Nimekwisha kuanza kumwandikia Profesa wangu wa chuo kwamba naiacha nafasi, ingawa kila nikifika kwenye neno "naiacha" kalamu inakataa kwenda.

Usinijibu.

Remigius


Kilema,
26 Julai 2024

Filbert,

Barua hii sitampa Eliezeri. Nitaileta mwenyewe kesho, na ninaiandika leo kwa sababu nikifika mbele yako sina hakika kama nitapata sauti.

Jioni hii mlango wangu uligongwa. Shangazi huwa hagongi. Huita jina langu kutoka uani na kuendelea na safari yake. Nikafungua nikiwa tayari kukataa chakula. Alikuwa amevaa kitenge chake cha jumuiya, amesimama nje ya kizingiti, na kwa mikono miwili ameshika jani la isale.

Sina haja ya kukueleza wewe isale ni nini. Tumeyaona yakichumwa pale ndugu walipokosana hata kwa panga, na tumeona wakubwa wazima wakishusha hasira zao kwa kuwa aliyeletewa jani hilo hawezi kukataa kusamehe. Lakini nimeyaona siku zote yakitoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa. Sijawahi kuona mama aliyenilisha akimletea mtu aliyelishwa.

Nikaanza kusema kwamba sielewi, kwamba kuna utaratibu, kwamba hapaswi. Unanijua. Alisubiri maneno yakaniishia.

"Remi, mimi sina hoja," alisema. "Nina hili tu."

Kisha akanieleza habari za gunia, tangu ulezi wa kwanza uliooza hadi siku ile niliposimama nyuma ya mashine nikayatazama magunia nisiyaone. Mafiga niliyabomoa mimi, Filbert. Nilimwondolea moto wake nikajivunia, na alipotafuta joto kwingine ndani ya nyumba yake mwenyewe, hakuthubutu kuniambia, kwa sababu kuniambia mimi jambo ni kuanzisha mdahalo. Gunia lilikaa pale kwa hofu yake kwangu.

Nawe ulijua: Shangazi amesema alikuandikia Jumapili. Tarehe ya barua yako inanihukumu. Ulijua na ukaniacha nikuite mwongo. Nilikushambulia kwa kila kitu ila kwa ule mstari nilioupandisha kwa mkono wangu, ambao hata leo kwa Shangazi sikuutaja. Alikuwa ameshika jani mbele yangu, nami nikashindwa kusema tisini na tano.

Diski nimeichomoa, nimeifunga kwenye soksi. Kesho alfajiri nitachuma isale nikuletee. Usinisamehe haraka. Lakini chumba, kama bado kipo, nakuomba ukifungue.

Remigius


Moshi,
31 Julai 2024

Shangazi, shikamoo.

Nimechelewa kuandika kwa sababu tangu Jumamosi hatujakaa. Filbert alinikuta langoni mwa shule nikiwa na jani mkononi, wanafunzi wa bweni wakinichungulia dirishani. Alilipokea kama ipasavyo, akalitia mfukoni mwa shati, kisha akasema, "Haya Profesa, ingia, umechelewa." Diski ilikuwa hai. Mashine kumi zilianza kwa pamoja, na ndani ya chumba kile ulikuwa ukisikia feni tu, nami nikipita kutoka moja hadi nyingine nikisoma namba, nikiogopa kila moja peke yake. Hakuna iliyovuka themanini na mbili.

Mifongo tisa ilikamilika. Mitatu haikukamilika kabla chumba hakijafungwa, na yote mitatu ni ya Kirua Vunjo. Nilikesha na wazo la kuikadiria na kunyamaza. Mwishowe niliandika ukurasa wa kwanza, juu ya jina langu, kwamba mitatu haikukamilika kwa uzembe wa mwandishi. Filbert aliusoma, akaniuliza kama naumwa.

Leo Profesa wa chuo amejibu. Nafasi yangu ipo, mradi nimalize hiyo mitatu kabla ya Oktoba. Nilitaka habari hii uipate kutoka kwangu kabla hujaisikia kanisani.

Sasa lile lililonizuia kulala, hata baada ya habari njema. Jana nilimwambia Filbert kwamba bado nina deni kwako, kwa kuwa mimi ndiye niliyeondoa kinga ya mashine na sikukuambia. Akakuna kichwa, kisha akasema kwamba wewe ulikuwa unajua. Alikwisha kukuandikia, siku nne kabla hujagonga mlango wangu. Kwa hiyo uliposimama pale na jani, ulijua kwamba sehemu kubwa ya kosa ilikuwa yangu. Ulijua kwamba mimi pia najua. Ukanisubiri niseme. Sikusema, nawe ukanikabidhi jani hivyo hivyo, ukarudi jikoni kwako.

Nimetafuta hoja ya kulipinga hilo, Shangazi, na sijaipata.

Ijumaa nitapanda na gari la maziwa. Nakuomba siku hiyo usinisubiri uani wala usiniite kwa jina nikiwa njiani. Kaa ndani, ufunge mlango. Safari hii atakayesimama nje ya kizingiti ni mimi, nami nitagonga.

Mwanao,
Remigius